Video Ionyeshe, Maandishi Yahesabu

Mkulima wa majani chai Kiriaini ambaye mwanawe ameitwa Chuo Kikuu cha Karatina au cha Dedan Kimathi ana maswali matatu: nitalipa pesa ngapi, mtoto atakopeshwa ngapi, na tukiona tumeonewa tukate rufaa vipi? Akiingia mtandaoni, mara nyingi hukuta video ndefu ya waziri akihutubia, na jibu lake, kama limo, liko dakika ya saba. Kufikia hapo bando limekwisha.

Mageuzi ya ufadhili yaliyozua maswali hayo yana hesabu nyingi. Mei 2023 Rais William Ruto wa Kenya alizindua mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu, ambapo msaada wa serikali humfuata mwanafunzi kwa kutazama uwezo wa familia yake. Karo hugawanywa sehemu tatu: ufadhili usiorudishwa, mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) na mchango wa familia. Mwaka 2024 wanafunzi waliwekwa katika bendi tano. Bendi ya kwanza hupata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, familia ikilipa 5. Bendi ya tano hupata 30 na 30, familia ikabeba 40.

Chukua kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Familia ya bendi ya kwanza italipa 10,000, ya bendi ya tano 80,000. Hesabu hii ikisomwa kwa sauti, msikilizaji hubaki na "thelathini" mbili asijue ipi ni ya mkopo. Ikiwekwa kwenye jedwali, jicho hurudi juu, hulinganisha, na mzazi hujua mapema kama pesa za bonasi ya majani chai zitatosha. Jedwali hilohilo likipigwa picha na kutiwa ndani ya video, kwenye simu ndogo halisomeki.

Video nayo ina kazi ambayo aya kumi haziiwezi. Mtu akirekodi skrini ya simu yake huku akijaza maombi, akaonyesha mahali pa kuandika mapato ya wazazi na sehemu ya kukatia rufaa ya bendi, kijana hufuata hatua kwa hatua. Maelezo yakitolewa kwa Kikuyu, hata nyanya anayemlipia mjukuu karo ataelewa.

Tatizo kubwa la video ni umri. Mwaka 2023 makundi ya wanafunzi yalikuwa manne, mwaka uliofuata yakawa bendi tano. Desemba 20, 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kuwa mfumo huo wa ufadhili unakiuka Katiba, kisha mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo. Video ya 2023 iliyokwisha kusambazwa WhatsApp haiwezi kurekebishwa. Itaendelea kutaja makundi manne kwa sauti ya kujiamini. Maandishi hurekebishwa asubuhi, na tarehe ya marekebisho ikawekwa juu kabisa.

Basi kazi igawanywe kwa kuangalia kinachochakaa. Viwango, tarehe za mwisho na hali ya kesi viandikwe. Hatua za kujaza fomu, maelezo ya kwa nini mfumo ulibadilishwa, na sauti za wanafunzi wanaoathirika virekodiwe, kila video ijibu swali moja kwa dakika mbili hivi. Mwezi na mwaka vionekane kwenye video yenyewe muda wote, kwa sababu ikisambazwa huacha nyuma kila kitu kilichoandikwa chini yake. Maandishi yatangulie, kwani jedwali hula kilobaiti chache tu, na video makumi ya megabaiti.

Mhariri anaweza kujipima kabla ya kuchapisha. Aondoe video, aone kama mzazi bado anaweza kupiga hesabu ya karo. Kisha airudishe, aondoe maandishi, aone kama mwanafunzi anaweza kukata rufaa. Moja likishindikana, habari haijawa tayari.