Usitupe haraka SIM ya zamani

Wanamemba, musibadilishe rezo juu ya kusikia tu kwamba ingine inakamata vizuri. Inakamata wapi? Mubembeleze jirani awaazime telefone yake ya Airtel, Orange ao Vodacom, muijaribu kwanza kwenye depo, kisha shambani. Kilima kimoja kinatosha kukata rezo, hata kama sokoni ilikuwa nzuri.

Tena, wanunuzi wa kahawa wanajua namba yako ya zamani. Na kama feza yako iko M-Pesa, inabakia kwa namba ya Vodacom. Afazali telefone ya SIM mbili: mupya kwa kuongea, ya zamani kwa feza na wateja. Ile ya zamani uipigie simu mara kwa mara, juu namba yenye kukaa bila kazi inafungwa, na inaweza kupewa mutu mwengine.