Picha za Majaribio ya Sayansi Ukutani

Imekuwa ada siku hizi kwa anayejenga nyumba, na hata kwa afisi inayopakwa rangi upya, kutafuta picha kubwa iliyochapwa juu ya turubai na kuitundika mahali pa kuonekana. Mtambo wa kisasa huweza kunakili mchoro wo wote mashuhuri, na turubai hilo likavutwa juu ya fremu ya mbao bila ya kioo. Miongoni mwa picha hizo zimo zinazoonyesha majaribio ya kale ya sayansi. Sisi hatuoni kosa katika hilo. Afadhali mwanafunzi atazame jaribio la mtaalamu kuliko kutazama machweo ya bahari, ambayo anayo bure nje ya dirisha. Lakini tunalo neno juu ya uchaguzi wake, hasa picha zinaponunuliwa kwa fedha za umma kwa ajili ya skuli zetu.

Tuchukue mfano ulio bora. Mwaka 1768 Mwingereza Joseph Wright wa Derby alichora jaribio la ndege ndani ya chombo cha kuvuta hewa. Mchoro huo, ambao sasa umo katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini London, una upana wa karibu mita mbili na nusu. Kasuku mweupe yumo ndani ya tufe la kioo, hewa inanyonywa, na pumzi zinamwishia. Mkono wa mtaalamu uko juu ya kifungio; akitaka atarudisha hewa, asipotaka ndege atakufa. Msichana mmoja amefunika macho kwa kiganja. Mzee mmoja ameinama kimya, wala hatazami jaribio. Robert Boyle alikuwa amefanya majaribio ya namna hiyo zaidi ya miaka mia moja kabla yake, akathibitisha kwamba kiumbe hai hakiwezi kuishi pasipo hewa. Wright hakutaka kutufundisha hilo tu. Ametuuliza pia gharama ya elimu hulipwa na nani, na swali hilo lafaa kutundikwa hata katika chumba cha mikutano cha wakubwa.

Mfano wa pili unatutia hofu. Ni mchoro wa Benjamin West wa mnamo mwaka 1816, unaomwonyesha Benjamin Franklin akivuta umeme kutoka mawinguni kwa tiara. Mzee amekaa wazi katikati ya dhoruba, amenyoosha ngumi kwenye ufunguo uliofungwa katika uzi, na watoto wa kimalaika wanamsaidia. Ni picha ya kupendeza, lakini si ya kweli. Franklin mwenyewe, alipoandika habari za jaribio hilo mwaka 1752, alielekeza kwamba mwenye kushika uzi asimame ndani ya mlango au dirisha, ili utepe wa hariri ulio mkononi mwake usirowe. Mwaka uliofuata mtaalamu Georg Richmann aliuawa na radi huko St. Petersburg alipokuwa akichunguza umeme wa mawingu. Watoto wetu hurusha tiara, na mvua za masika huja na radi. Picha hiyo ikitundikwa darasani bila ya maelezo chini yake, twaogopa kwamba siku moja mtoto atajaribu aliyoyaona.

Hapo ndipo tunapowageukia maofisa wanaohusika. Tunaomba kila picha ya namna hii iambatane na maneno machache ya Kiswahili: nani alifanya, mwaka gani, alipata nini, na mchoraji ameongeza nini kutoka kichwani mwake.

Tena tunauliza: mbona hatumwoni Erasto Mpemba? (Jina lisiwadanganye ndugu zetu wa Pemba, alikuwa mtu wa bara.) Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alitia maziwa ya moto katika friza kwa kuchelea kukosa nafasi, akaona yameganda kabla ya maziwa ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza sababu alichekwa. Hakunyamaza, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye akalijaribu jambo hilo, na mwaka 1969 wakachapisha habari zake pamoja. Wataalamu wanabishana juu yake hadi leo. Kijana mbele ya friza, wenzake wanacheka: wachoraji wetu wanashindwa nini kuchora hilo, na wachapaji wetu kulichapa juu ya turubai?

Liko pia suala la hewa yetu ya chumvi. Kuta za mawe na chokaa hunyonya unyevu, turubai huota ukungu upande wa nyuma, na mchwa hawachagui fremu ya Newton wala ya mwingine. Kwa hiyo fremu iachiwe nafasi ya kidole kimoja kutoka ukutani, picha isikabili jua la mchana, na mtumishi aigeuze na kuipangusa kila baada ya masika. Vinginevyo, huyo kasuku wa Wright hatamaliza miaka mitatu kabla hajageuka kijani.