Jarida jipya la muziki: uchape wapi, uuzie wapi?

Ukitaka kuanzisha jarida la dansi na taarab hapa Dar es Salaam, mchapaji atakushauri utoe nakala 1,000. Hakudanganyi. Mashine ya ofseti inadai pleti, moja kwa kila rangi kati ya nne, na kila fungu la kurasa lina pleti zake. Gharama hiyo utailipa hata ukichapa nakala kumi. Ukishailipa, kinachoongezeka ni karatasi, wino na kupiga pini. Mashine ya kidijitali haina pleti, kwa hiyo nakala ya kwanza na ya mia mbili bei yake ni moja.

Tupige hesabu ya mfano, halafu wewe uweke bei ulizopewa. Jarida lina kurasa 32 (idadi igawanyike kwa nne, la sivyo utalipia kurasa tupu). Ofseti: maandalizi shilingi 800,000, kisha 1,000 kwa nakala. Dijitali: 5,000 kwa nakala. Kwenye nakala 200 zote mbili zinafika milioni moja. Kuanzia hapo ofseti ndiyo nafuu, na ukifika nakala 1,000 kila moja imesimama kwa 1,800 tu. Hapo ndipo wengi hunogewa.

Sasa tuseme bei ya jarida ni 8,000 na wanunuzi wamejitokeza 180. Makusanyo ni 1,440,000. Aliyechapa 200 kidijitali anabaki na 440,000. Aliyechapa 1,000 kwa ofseti ana hasara ya 360,000 na nakala 820 chini ya kitanda. Kila nakala aliyoiuza imemgharimu 10,000. Mimi nisingeangalia bei ya nakala iliyochapwa hata kidogo. Jarida lisilo na jina hupimwa kwa nakala zilizouzwa.

Usambazaji nao unakula. Wakala akichukua, tuseme, asilimia 35, kwenye 8,000 zinakurudia 5,200. Toa 5,000 za uchapaji wa kidijitali: umebaki na 200, na bado hujalipia boda. Zaidi ya hapo, wakala hulipa baada ya kuuza, zilizobaki anakurudishia, zingine zimeshapauka kwa jua la meza ya magazeti. Mlangoni mwa ukumbi, siku bendi inapopiga, faida ni 3,000 kwa nakala na hela unaishika papo hapo. Februari kuna Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, Unguja: wapenzi wa muziki wamekusanyika wenyewe. Mikoani, tuma kifurushi kwa basi baada ya mteja kulipa kwa simu.

Kugawa bure kunavutia, ila lazima awepo anayelipa. Jarida la muziki la NME la Uingereza, lililoanza 1952, liligeuzwa la bure mwaka 2015 likitegemea matangazo. Machi 2018 toleo la karatasi la kila wiki likafungwa. Jarida la Fema la hapa kwetu limefika shule za sekondari bure kwa sababu ya wafadhili.

PDF haina karatasi wala nauli, na kwa mpenzi wa taarab aliyeko Muscat ndiyo njia ya maana, kwani posta huenda ikazidi bei ya jarida lenyewe. Ubaya wake, ukiuza moja asubuhi, jioni imezagaa kwenye makundi ya WhatsApp. Toa kurasa nane bure ziwe tangazo, nyingine uziuze.

Leseni usiisahau. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inahusu machapisho ya karatasi, na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliweka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ulizia ada za sasa Idara ya Habari MAELEZO na TCRA kabla ya kutoa hata senti kwa mchapaji.

Kwa toleo la kwanza nachagua dijitali nakala 200, zikauziwe ukumbini. Ofseti isubiri oda zilizolipiwa zivuke 200. Omba bei kwa wachapaji watatu, kwa karatasi ileile, nakala 200 na 1,000, na wakuandikie.