Mashine za kukata nyasi: Hesabu saa kabla ya kuuliza bei

Mvua za masika zinapokaribia, kuna bidhaa ambayo huanza kutolewa stoo na kupangwa mbele ya maduka ya vifaa na kwa wauzaji wa mashine za mitumba. Ni mashine ya kukata nyasi. Mwezi Februari muuzaji bado ana lugha nzuri. Ikifika Aprili nyasi zimefika magotini, mnunuzi ana haraka, na punguzo halipo tena. Wiki hii ukurasa huu unaiangalia bidhaa hiyo kwa pande mbili: kwa yule anayetaka kukata ukoka wa nyumbani kwake tu, na kwa yule mwenye mtaji mdogo anayefikiria kuinunua ili imwingizie fedha.

Tuanze na mkasa. Miaka michache iliyopita jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu, alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua mashine ya petroli iliyotumika, ya panga la kuzunguka, iliyokuja na kontena kutoka Marekani. Alipata nyumba kama 20 za kukata nyasi mtaani. Mwezi wa pili kijana wake aligonga chuma cha kufungia mbuzi kilichofichwa na majani. Injini ilizima palepale. Walivuta kamba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Fundi aliyeitwa alisema, "Mzee, hii imekufa, tafuta injini nyingine." Mzee akaiuza kwa bei ya chuma chakavu. Jumamosi iliyofuata tuliisikia ikinguruma mtaa wa pili. Aliyeinunua alikuwa amebadilisha kipande kidogo cha chuma laini ambacho hakizidi ukucha wa kidole.

Kipande hicho mafundi hukiita kii. Kazi yake ni kushikilia flaiwili, yaani gurudumu la sumaku linalotoa cheche, katika nafasi yake juu ya krenki. Panga likigonga jiwe au chuma na kusimama ghafla, kii hukatika au kupinda, na cheche huanza kutoka wakati usio wake. Injini ina mafuta, ina moto, lakini haiwaki, au inarudisha kamba kwa nguvu. Kwa mfanyabiashara wa mitumba hapa pana fedha, kwani mashine nyingi zinazouzwa kama mbovu baada ya kugonga kitu zina ugonjwa huu tu. Lakini pana mtego vilevile. Kama krenki yenyewe imepinda, mashine hiyo haifai hata kwa bei ya zawadi.

Kuipima ni rahisi. Chomoa waya wa plagi, inua mashine upande, mwambie mtu avute kamba polepole, nawe tazama boliti ya katikati ya panga. Ikizunguka ikiwa imetulia sehemu moja, krenki ni nzima. Ikichora duara, rudisha fedha mfukoni.

Saa za kazi

Mkasa wa mzee haukuishia kwenye kii. Yule kijana naye aliitumia masika mbili, kisha injini ikaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Hakukuwa na uchawi wowote. Ile ilikuwa mashine ya nyumbani iliyopewa kazi ya kampuni.

Jambo hili wanunuzi wengi hawalijui, na wauzaji wengi hawalisemi. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huwa na karatasi iliyobandikwa kwenye injini ikieleza idadi ya saa ambazo mtengenezaji amethibitisha kwamba moshi wake utabaki ndani ya kiwango cha sheria ya nchi hiyo. Kwa injini ndogo, zile zisizofika cc 225, ngazi ni tatu: saa 125, saa 250 na saa 500. Ile ya 125 ni ya mwenye nyumba, na ile ya 500 ni ya mtu anayeishi kwa kazi hiyo. Kwenye baadhi ya injini huandikwa kwa herufi, C kwa 125, B kwa 250 na A kwa 500. Saa hizo hazina maana kwamba injini itakufa zikitimia, kwani ikitunzwa inaweza kuzipita mbali. Hata hivyo zinakuonyesha mtengenezaji mwenyewe aliitazamia kazi gani.

Sasa tupige hesabu. Kiwanja cha mita 20 kwa 30, ukitoa nyumba, banda na njia ya gari, kinaweza kubakiza mita 250 za mraba za nyasi. Mashine yenye panga la sentimita 46 hukata upana wa kama sentimita 40 kwa kila mpito, maana lazima mipito ipandane kidogo. Mtu akitembea kilometa 3 kwa saa atakata mita 1,200 za mraba kwa saa kama hasimami, lakini kwa kugeuka na kukwepa miche ya maua tuseme ni 700 au 800. Kwa hiyo ua huo unahitaji dakika 20 hivi. Ukikatwa mara 30 kwa mwaka, ni saa 10. Mwenye nyumba huyo na mashine yake ya saa 125 wana zaidi ya miaka 10 mbele yao, na hana sababu ya kumlipa mtu ziada kwa mashine ya saa 500.

Mgeukie mwenye mkataba. Nyumba 20, mara mbili kwa mwezi wakati wa mvua, dakika 45 kila moja: hizo ni saa 30 kwa mwezi. Saa 125 zinakwisha mwezi wa tano. Tuchukue bei za mfano, na kila msomaji aweke za sokoni kwake. Mashine ya nyumbani ya shilingi 800,000 ukiigawa kwa saa 125 unapata shilingi 6,400 kwa saa. Mashine ya kazi ya shilingi 2,000,000 ukiigawa kwa saa 500 unapata shilingi 4,000 kwa saa. Ile iliyoonekana ghali ndiyo rahisi, mradi kazi ya kuzitumia saa hizo ipo. Kama kazi haipo, hesabu inageuka.

Kuongezea hapo weka petroli, ambayo kwa injini ya cc 160 ni kama lita moja kwa saa, pamoja na oili, plagi, chujio, panga na posho ya anayesukuma. Mtu anayetoza nyumba moja bei ya soda mbili kwa sababu jirani yake anatoza hivyo, anauza mashine yake kidogo kidogo bila kujua.

Ipi inunuliwe

Kwa ua mdogo wenye ukoka mwembamba na ardhi iliyosawazishwa, mashine ya kusukuma kwa mkono isiyo na injini bado ni bidhaa nzuri, ingawa vijana wanaidharau. Ndiyo mashine ya kwanza kabisa ya kazi hii. Mwingereza Edwin Budding aliisajili mwaka 1830 baada ya kuona kiwandani mashine za kupunguza manyoya ya nguo. Hukata kama mkasi, majani hayachaniki, na gharama yake ni mafuta ya kulainisha tu. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi nyasi ndefu wala zenye maji, na kijiti kimoja huisimamisha.

Za umeme wa waya ni nyepesi na hazina kelele nyingi. Ya wati 1,600 hula uniti 1.6 kwa saa, jambo ambalo kwa ua wa dakika 20 ni senti tu. Tatizo ni waya wenyewe, ambao panga haliuoni, na nyasi zenye unyevu. Kwa wanaonunua mitumba tunaonya: za kutoka Marekani ni za volti 120, na umeme wetu ni wa volti 230. Onyo hilo linahusu pia chaja za mashine za betri. Hizi za betri zinasifiwa sana siku hizi, lakini kabla ya kununua ya mtumba uliza bei ya betri mpya peke yake. Mara nyingi ukiisikia utaiacha mashine hapo hapo.

Petroli ndiyo soko kubwa. Hapa tunashauri kuuliza vipuri kabla ya kuuliza bei. Nenda kwanza kwa muuza spea, mtajie aina ya injini, si rangi wala jina lililo kwenye bati. Kama ana chujio la hewa, plagi, kamba na kiwambo cha kabureta, rudi ukanunue. Honda ilisimamisha utengenezaji wa mashine za nyasi za petroli kwa ajili ya soko la Marekani mwaka 2023, na jimbo la California lilipiga marufuku kuuzwa kwa mashine mpya za aina hiyo zilizotengenezwa kuanzia Januari 2024. Injini ndogo za Honda zipo pia kwenye mashine za makampuni mengine, lakini mwenye duka anayeagiza modeli moja kwa wingi aangalie ni sehemu gani zinaingiliana na zipi haziingiliani.

Kwa wenye viwanja vyenye mawe, mizizi na vifuu vya nazi, ukweli ni kwamba mashine ya magurudumu si yako bado. Anza na kwanja au mashine ya kufyekea ya begani. Safisha ardhi kwanza.

Matunzo

Kitu cha kwanza kinachoua mashine mpya ni kutokuwa na oili. Nyingi husafirishwa injini ikiwa kavu. Mwandishi wa safu hii aliwahi kuuziwa moja, muuzaji akaweka petroli ili amwonyeshe jinsi inavyowaka, bila kuangalia kijiti cha oili. Iliwaka kweli, kwa dakika chache. Gharama ya ugomvi uliofuata ilikuwa kubwa kuliko bei ya chupa ya oili, nayo ni kama nusu lita tu. Kwa joto letu oili ya SAE 30 inafaa. Mabadiliko ya kwanza ni baada ya saa 5 za mwanzo, kisha kila saa 50. Kwa mwenye nyumba yule wa saa 10 kwa mwaka, abadilishe mara moja kila mwaka hata kama saa hazijafika.

Injini zinazochanganywa oili na petroli ni habari nyingine. Soma kwenye kifuniko cha tangi. Penye 50:1 weka mililita 20 za oili kwa lita, penye 25:1 weka 40. Kukisia kwa macho ndiko kunakoleta moshi au kujam.

Petroli isikae tangini zaidi ya siku 30. Ikikaa kiangazi kizima inaacha utando kama gundi katika kabureta, na msimu wa mvua ukianza unasikia malalamiko kwamba mashine "ilikuwa nzima nilipoiweka". Kabla ya kuihifadhi, iache iunguruma mpaka imalize mafuta.

Chujio la hewa ni kipande rahisi kinacholinda kipande ghali. La karatasi likung'utwe, lisioshwe kwa petroli. La sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likaushwe kabisa, lipewe matone ya oili. Wakati wa vumbi liangaliwe kila wiki, na asiwepo mtu wa kukushawishi ukate bila chujio ili "ipate nguvu". Plagi ibadilishwe kila saa 100 hivi. Mwanya wake kwa injini nyingi ni milimita 0.7 hadi 0.8.

Panga butu halikati, linachana. Siku mbili baadaye ncha za nyasi zinageuka kahawia na mwenye nyumba anadhani ni ugonjwa. Linolewe kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, si kali kama wembe. Baada ya kunoa, litundike kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande ukishuka ni mzito, upunguze. Panga lisilo na mizani hutikisa krenki mpaka beringi ziishe. Aidha usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mara moja. Hata ukoka una kikomo chake.

Unapoinamisha mashine, chujio na kabureta viwe juu, la sivyo oili inaingia kwenye chujio na utavuta kamba hadi jioni. Na waya wa plagi uchomolewe kwanza, kila mara, bila kusahau. Panga la sentimita 46 likizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda zaidi ya kilometa 250 kwa saa, na jiwe linalotoka hapo halichagui mtoto. Marekani tangu mwaka 1982 ilitaka mashine za kusukuma ziwe na mkono ambao ukiuachia panga linasimama ndani ya sekunde 3. Mitumba mingi inayo mikono hiyo. Ukiikuta imefungwa kwa mpira wa baiskeli, ifungue, na mpunguzie muuzaji bei kwa sababu hujui ni nini kingine alichokifunga.

Kwa wenye maduka, kipindi cha Juni hadi Septemba, nyasi zikiwa zimekauka, ndicho cha kununua mashine kwa wanaotaka kuziondoa. Stoo ya mashine 5 zenye kii, plagi, kamba na chujio za akiba ina nafuu kuliko ya mashine 10 tupu. Mzee jirani yangu sasa anauza spea hizo kibarazani kwake, na wa kwanza kumuungisha alikuwa kijana yule yule.