Mzee wa Gorée Aliyemjua Admirali

Nilikuwa nikisoma habari za vita vya majini kati ya Waholanzi na Waingereza nilipokutana na mzee mmoja Mwafrika ambaye hajanitoka kichwani tangu hapo. Yumo katika kitabu kinene cha kasisi Gerard Brandt kuhusu maisha ya admirali Michiel de Ruyter, kilichochapishwa mwaka 1687. Anajitokeza, anazungumza kidogo, kisha harudi tena.

Ilikuwa Oktoba 1664. De Ruyter alikuwa ametia nanga Gorée, kisiwa kilicho mkabala na Dakar ya leo. Serikali yake ilikuwa imemtoa Mediterania kwa siri aje kuvirudisha vituo ambavyo Waingereza walikuwa wamewanyang'anya Waholanzi. Gorée ilisalimu amri bila mapigano.

Ndipo akatokea mzee huyo, Jan Kompany, mtu mwenye cheo katika utawala wa mfalme wa upande ule. Mabaharia wakashangaa kumsikia akisema Kiholanzi, tena kile cha jimbo la Zeeland. Akawauliza jina la admirali wao. Michiel de Ruyter, wakamjibu. Mzee akasema alipata kumjua Michiel de Ruyter mmoja mjini Vlissingen, katika jimbo hilohilo, zaidi ya miaka 40 nyuma, lakini huyo alikuwa kijana mdogo tu, mtumishi wa serahangi melini. Wakamwambia ndiye huyohuyo. Hakusadiki.

Na kwa nini asadiki? De Ruyter alizaliwa mwaka 1607, baba yake akiwa mchukuzi wa mapipa ya bia. Utotoni alizungusha gurudumu la kusokotea kamba katika kiwanda cha matajiri wa Vlissingen, na alipofikisha miaka 11 akapelekwa baharini. Wakati ule admirali kutoka tabaka lile lilikuwa jambo la nadra hata kwa Waholanzi wenyewe.

Wawili hao wakakutanishwa, wakatambuana, wakakumbushana ya ujana. De Ruyter, mtu wa dini sana, akataka kujua kama mwenzake bado anaikumbuka imani ya Kikristo aliyofundishwa Uholanzi. Mzee akajibu kwamba sala bado anazo moyoni, ila kila alipowasimulia watu wa kwao mambo hayo walimcheka, basi akaamua kukaa nayo mwenyewe.

Jibu hilo ndilo lililonishika. Ni sauti ya mtu aliyeishi katika dunia mbili, na hakuna hata moja iliyomsikiliza mpaka mwisho. Brandt anaifurahia hadithi kwa sababu inamkweza shujaa wake: mkubwa asiyemsahau rafiki wa udogoni. Mimi namtazama mzee. Nani alimfikisha Vlissingen akiwa kijana, na kwa hiari ya nani? Mama yake alimwita nani kabla hajawa Jan?

De Ruyter aling'oa nanga akashuka na pwani hadi Elmina, ngome ambayo Waholanzi walikuwa wameiteka kwa Wareno mwaka 1637, na Februari 1665 akaitwaa Kormantin, ngome ya Waingereza. Kutoka ngome za pwani hiyo watu waliuzwa na kupakiwa merikebuni kuvushwa Atlantiki. Bila ushindi wake, Kampuni ya Uholanzi ya India Magharibi ingepoteza sehemu kubwa ya biashara hiyo.

Mengine yanajulikana: mwaka 1667 alivamia mto Medway na meli ya fahari ya Waingereza, Royal Charles, ikakokotwa hadi Uholanzi, na mwaka 1673 akazizuia meli za Waingereza na Wafaransa zisiifikie pwani ya nchi yake. Aprili 1676 alijeruhiwa vitani karibu na Sicily, akafa siku chache baadaye.

Lakini miezi miwili tu kabla ya kifo chake, huko Naples, wachungaji 26 wa Kiprotestanti kutoka Hungaria waliokuwa wamefungwa minyororo kwenye makasia walifunguliwa kwa juhudi zake. Mji wa Debrecen unawakumbuka kwa mnara hadi leo. Hata hivyo, mwaka 2015, filamu kuhusu maisha yake ilipozinduliwa Amsterdam, waandamanaji walijitokeza kuuliza habari za biashara ya watumwa.

Aliyaona mateso ya wale wachungaji, akayachukia. Je, alipopita chini ya kuta za Elmina, muda si mrefu baada ya kuzungumza na Jan, alimwona nani mle ndani?