Moab: machimbo ya urani yalifungwa, baiskeli ikalisha mji

Katika jimbo la Utah, Marekani, kuna mji mdogo wa jangwani unaoitwa Moab. Watu wanatoka mbali kwenda kuendesha kinga juu ya miamba yake. Lakini mbele ya baiskeli, Moab ulikuwa mji wa machimbo.

Ilianza namna gani?

Historia hii inagusa hata Kongo. Wakati wa vita vya pili vya dunia, sehemu kubwa ya urani ambayo Marekani ilitumia kwa kutengeneza bomu ilitoka Shinkolobwe, kule Katanga. Nyuma ya vita, Marekani ilitaka kupata urani ndani ya inchi yake yenyewe. Mwaka 1952, mjiolojia Charlie Steen alikuta akiba kubwa karibu na Moab. Watu wakamiminika. Wakaaji walikuwa karibu 1 300 mwaka 1950; mwaka 1960 walifikia karibu 4 700. Barabara za udongo zikapasuliwa jangwani ili magari ya watafutaji yapite.

Kisha serikali ikapunguza kununua, bei ikaanguka. Mwaka 1984 kiwanda cha kusafisha urani kikafunga milango. Kazi zikaisha, jamaa nyingi zikahama.

Baiskeli iliingilia wapi?

Zile barabara zilibaki. Tena kulikuwa njia ya Slickrock, iliyochorwa mwaka 1969 kwa ajili ya pikipiki, karibu kilometa 17 juu ya jiwe tupu. Jina lake maana yake ni jiwe lenye kuteleza, sababu kwato za farasi zenye chuma ziliteleza pale. Mpira wa baiskeli, kinyume chake, unashika vizuri: jiwe hilo ni mchanga ulioshikamana, linakwaruza sawa msasa. Ndiyo maana mtu anaweza kupanda na kinga mahali ambapo kwa miguu angeogopa. Wakati wa kushuka, anarudisha mwili nyuma ya kiti, bila hivyo atapinduka mbele. Alama nyeupe za rangi juu ya jiwe zinaonyesha njia.

Hatari ziko. Wakati wa joto, digrii zinapita 38, na maji ni ya kubeba. Tena udongo wa pale una gamba jeusi la vidudu na mimea midogo sana, linaloshika mchanga upepo usiuchukue. Gurudumu likilivunja, linahitaji miaka mingi ili lirudi. Kwa hiyo sheria ni moja: pita juu ya jiwe ao njia iliyotengenezwa tu.

Faida na deni

Hoteli, mikahawa, mafundi wa baiskeli na waongozaji wa wageni walipata kazi. Lakini nyumba zilipanda bei, na kazi nyingi ni za msimu.

Machimbo nayo yaliacha deni. Zaidi ya tani milioni 14 za takataka za urani zilibaki kando ya mto Colorado. Kuzihamisha kulianza mwaka 2009, kwa feza za serikali, miaka 25 nyuma ya kiwanda kufungwa.

Kwa wakaaji wa karibu na machimbo huku mashariki, Moab inaacha maulizo mawili ya kuuliza mapema, mgodi ukiwa bado unafanya kazi: barabara hii itatumikia nini kesho, na takataka hizi nani atazisafisha?