Usinakili fomula, iite: Siri ya data safi ya majanichai

Hebu fikiria uko nyumbani Litein au Mogogosiek, laptopu magotini, na umepata kibarua cha kuchakata rekodi za majanichai. Una skripti tatu za Python. Moja inakagua makosa, nyingine inajumlisha kilo za mwezi, ya mwisho inaandaa malipo. Zote zinasoma uzani uliotoka kituoni, na zote zinahitaji fomula ileile: toa uzito wa gunia, zibaki kilo halisi.

Wengi wetu tunafanya nini? Tunanakili, tunabandika mara tatu. Imeisha hiyo!

Haijaisha. Magunia mapya yanakuja, mepesi kwa nusu kilo. Unarekebisha skripti mbili, ile ya malipo unaisahau. Kompyuta hailalamiki. Mkulima akipeleka gunia moja kila siku, baada ya siku 20 amekatwa kilo 10 bure. Huyo anaweza kuwa nyanyako.

Hata wakubwa huteleza. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya pauni, nyingine ikitarajia vya metriki.

Dawa ni hii. Fungua folda uiite pamoja, ndani yake weka faili ya hesabu.py yenye fomula hiyo. Kisha kila skripti iiite:

from pamoja.hesabu import kilo_halisi

Ukiona ModuleNotFoundError, usikimbilie kunakili tena. Python huanza kutafuta kwenye folda ya skripti unayoendesha, si folda kuu ya mradi. Kwa hivyo weka pyproject.toml kwenye folda kuu, itaje pamoja humo kama kifurushi, halafu andika mara moja tu:

pip install -e .

Unatumia Snakemake kupanga hatua za kazi? Kuna mtego. Ukibadilisha hesabu.py, Snakemake haitagundua yenyewe, na matokeo ya zamani yatabaki. Itaje faili hiyo kwenye input ya kila hatua inayoitegemea.

Mwisho, kabla ya kutuma chochote, jaribu gunia moja ambalo jibu lake unalijua. Nyanya hajui Python, lakini kilo zake anazijua.